Nyama Haidanganyi

Alikuwa akilamba nyaya. Naanza na hilo kwa sababu kila nikimkumbuka Bwana Dresa ndilo la kwanza kunijia, na mate hunijaa mdomoni nikatafuta pa kutemea. Kisanduku chake kilikuwa na nyaya mbili, kila mmoja umefungwa kipande cha bati mwishoni. Kabla ya kukibandika kwenye ngozi ya mgonjwa alikipitisha ulimini taratibu, kama anayeonja mchuzi. Akimaliza na huyu, alikibandua kwenye jasho la paja, akakilamba tena, akakibandika kwa mwingine. Alisema bati kavu halipitishi stimu vizuri, na stimu ndilo jina tulilouita umeme wakati ule. Hakuna aliyemwuliza maji yana kasoro gani.

Alikotoka sikujua, wala sikuona haja ya kujua. Alikuwa dresa wa dispensari pale Shinyanga mjini, mfunga vidonda, na jina la kazi lilimeza jina alilopewa na wazazi wake. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Baadaye, dhahabu ilipoanza kuchimbwa kwa mitambo kule Geita, alihamia hospitali ya mgodi mmoja, na mimi nikajikuta huko huko, mke wa mpishi, nikiuza maandazi kambini. Kwa hiyo nilimwona tangu nikiwa msichana wa kutumwa chumvi mpaka nikawa mama wa watoto. Ningependa kusema nilimzoea, lakini kinyaa hakizoeleki.

Pua yake ilikuwa chombo chake cha kwanza cha kazi. Bendeji ikitoka kwenye donda, wengine huishika kwa ncha za vidole na kuitupa motoni. Yeye aliifikisha puani, akafumba macho, akavuta. Kisha alitamka: hili litapona, hili litakula mfupa. Mara nyingi ilikuwa kweli. Jioni alipita kwetu bila kubadili koti lake la kaki, akakaa na baba kwenye sinia, akamega ugali, na huku anachovya kwenye maziwa ya mgando akaeleza tofauti ya usaha wa njano na usaha wa kijani. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama alichukua chakula chake akaingia ndani, nami nikamfuata, na hata huko ndani tulimsikia.

Ukucha wa kidole chake cha mwisho aliufuga. Ulikuwa mrefu, umepinda, una rangi ya chai, na kwa ukucha huo alitoa funza kwenye vidole vya watoto wa mtaa mzima. Hapa lazima nimpe haki yake, ingawa hainipendezi kumpa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele tangu kwa mama yake alinyamaza akishikwa mguu na Bwana Dresa, kwa sababu alimwimbia kwa sauti ndogo ya puani, na mtoto alipogundua kwamba wimbo umekwisha, funza naye alikuwa ametoka. Mama yangu alipopata jipu la ziwa wakati wa kumnyonyesha kitindamimba wetu, ni yeye aliyelitumbua, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima, mkono unafanya kazi peke yake. Mama alilia kwa maumivu, naye akalia. Machozi ya kweli yalimteremka hadi kwenye masharubu. Nimeyaona, siwezi kusema sikuyaona.

Halafu Ramadhani. Alifunga kwa bidii iliyozidi ya wenzake wote. Aliogopa kumeza hata mate yake, basi kutwa alitema. Alitema mlangoni, alitema dirishani, alitema kwenye kopo alilotembea nalo kwapani, na kufikia alasiri kopo lile lilikuwa si la kutazamwa na mtu aliyefunga. Lakini mwezi huo hakulamba nyaya. Alizichovya kwenye bakuli la maji yenye chumvi, na stimu ilipita sawasawa, pengine hata vizuri zaidi. Idi ikapita, bakuli likarudishwa kabatini, ulimi ukarudi kazini. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa akilamba kwa kupenda.

Kabla ya nyaya kulikuwa na vyura. Mvua za kwanza zikinyesha Shinyanga, mtaro wa nyuma ya soko ulijaa, na Bwana Dresa, mtu mzima na koti lake la serikali, alichutama pale na kuwakamata kwa mikono. Kisha aliwaita majirani uani kwake. Alimkata chura kichwa kwa wembe, akakitupa kwa kuku, akamchuna ngozi kama mtu anavyovua soksi iliyoloa, akaitundika miguu ile miwili, myeupe, inateleza, kwenye msumari wa ukuta wetu sote. Alinyunyiza chumvi. Miguu ikaanza kurusha mateke.

Mimi nilitapika. Kaka yangu Hamisi, aliyenitangulia kuzaliwa, alicheka akaanguka chali. Bwana Dresa hakucheka wala hakuchukia. Alikuwa mwalimu siku hizo, na uso wake ulipata utulivu fulani.

"Tazameni," alisema. "Kichwani yumo bwana mkubwa. Kutoka kwa bwana mkubwa inashuka mishipa, si ya damu, ile mingine, myeupe, ya fahamu. Hiyo ndiyo tarishi. Na nyama ni kibarua. Bwana akitaka mguu uende, anatuma tarishi, tarishi anakimbia mgongoni kote mpaka mguuni, kibarua anajikunja, mguu unakwenda. Sasa hapa bwana yuko wapi?"

"Kaliwa na kuku," Hamisi akajibu.

"Ehe. Kaliwa na kuku. Lakini chumvi imemchokoza tarishi wa huku chini, na kibarua akiletewa amri hufanya kazi. Haulizi imetoka kwa nani."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, maana nitayahitaji baadaye. Aliyasema kila mwaka, mvua kwa mvua, na sote mtaani tuliyajua kama tunavyojua njia ya kisimani.

Kule mgodini alijifunza nyongeza. Daktari Mzungu alikuwa akisoma magazeti ya madaktari wenzake, na siku moja alimsimulia jambo ambalo Bwana Dresa alilibeba mpaka kibandani kwangu, akalimwaga juu ya maandazi yangu. Tarishi, alisema, hamgusi kibarua. Akifika mwisho wa safari anasimama kando, pana mwanya mdogo kati yao, na kwenye mwanya ule anatema.

"Anatema nini?" niliuliza, na kosa langu lilikuwa kuuliza.

"Kitone cha dawa. Nyama ikikionja, inashtuka na kujikunja. Sasa wewe, mwanangu, kila ukipepesa jicho, ujue mle ndani kuna kitu kimetemea kitu." Alicheka, akachukua andazi, akalibonyeza kwa ule ukucha kuona kama limeiva. Kwa siku kadhaa sikuweza kupepesa macho kwa raha, na andazi lile nililitupia mbwa.

Kisanduku alikipata huko huko. Ilikuwa simu ya zamani ya shimoni, ile ya kuzungushwa mkono wa chuma pembeni ili kengele ilie upande wa pili. Ilipoharibika, fundi alimpa matumbo yake. Ukishika nyaya mbili na mwenzako akazungusha mkono ule, ulishtuliwa mpaka meno yakagongana. Bwana Dresa aligundua kwamba akibandika bati mahali panapostahili, kidole kinachotaka yeye ndicho kitakachoruka. Alijua miili yetu kama mpiga zeze anavyojua nyuzi zake. Pale juu ya kiwiko, vidole vinafumba. Pale ubavuni mwa goti, unyayo unanyanyuka. Alikuwa stadi, sikatai.

Ustadi huo ulimfurahisha meneja wa mgodi. Kazi ya shimoni ilikuwa mbaya na watu walitafuta njia za kuikwepa. Wapo waliosema mkono umekufa, mguu umekufa, na mkono ule ule ukaonekana jioni ukinyanyua kibuyu cha pombe. Basi ikawekwa desturi. Kila Jumatatu asubuhi wote waliodai kiungo kimekufa walipangwa kwenye baraza ya hospitali, meneja akaketi kwenye kiti, nyapara akasimama, na Bwana Dresa akapita na kisanduku. Kiungo kikiruka, alitamka neno lake: "Mzima. Aamke." Kambi nzima ikaiita mashine Amka. Mtu alikuuliza, "Fulani yuko wapi?" ukamjibu, "Kapelekwa kwa Amka."

Mmoja alijitia mkono umepooza. Alipopigwa stimu alipiga yowe, akamchapa Bwana Dresa kofi la nguvu kwa mkono ule ule uliokufa. Watu walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo Bwana Dresa alipewa buti mpya na kofia ngumu, akaanza kutembea mbele ya nyapara badala ya nyuma yake, na akapata msemo. Kila mahali alisema: "Mdomo unadanganya. Nyama haidanganyi." Alisema sokoni, alisema msikitini, aliniambia mimi nikilalamika kwamba nina homa.

Hamisi alitufuata mgodini kwa mkono wa Bwana Dresa mwenyewe. Alimdhamini kwa nyapara, akasema ni mwanawe. Mama alimpelekea kuku wa shukrani.

Paa la shimo lilishuka asubuhi, zamu inaingia. Wengine walitolewa wafu. Hamisi alitolewa akiwa na jiwe mgongoni na akili zake timamu, akauliza kofia yake iko wapi. Nilipofika wodini alikuwa amelazwa mkekani, maana vitanda vilijaa. Shuka lilikuwa limeloa mkojo na yeye hajui.

"Mdogo wangu," aliniambia, "ajabu kweli. Nikiuambia mguu unyanyuke, naisikia amri inatoka kichwani, inashuka, inafika hapa kiunoni, halafu inapotea. Kama mtu anaita kisimani na hakuna wa kuitika."

Msukuma mmoja wa makamo, aliyevunjika mkono, alilala mkeka wa pili. Akanivuta kando. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake, "kaka yako usimwache hapa peke yake. Jana nzi wamekaa kwenye kidonda cha mguu wake kutwa nzima. Hafukuzi. Hasikii kabisa."

Nilichotaka ni kitu kimoja: aachwe palepale alipolala. Pana paa, pana uji, pana mtu wa kumgeuza, na daktari alikuwa safarini Mwanza akitazamiwa kurudi. Angerudi angemtazama. Lakini meneja alitaka wodi ipungue, na Jumatatu ilifika kabla ya daktari.

Walimkokota na mkeka wake mpaka barazani. Bwana Dresa alikuja na buti zake. Alipomwona ni Hamisi alisita kidogo, akamshika bega, akamwita "mwanangu". Kisha akatoa ulimi. Bati moja alilibandika ubavuni mwa goti, jingine pajani, akamwashiria nyapara azungushe.

Mguu uliruka. Unyayo ulinyanyuka, vidole vikakunjuka, goti likatikisika, mguu ule uliolala kama gogo tangu ulipotolewa shimoni. Na Hamisi, maskini ya Mungu, aliinua kichwa akautazama mguu wake na uso wake ukajaa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote.

"Unaruka!" akapiga kelele. "Bwana Dresa, umeufufua! Unaruka!"

Bwana Dresa hakumtazama. Alimtazama meneja. "Mzima," akasema. "Aamke."

Nilisimama. Wanawake hawakuruhusiwa barazani siku ya Amka, lakini nilikuwa na sinia la maandazi kichwani na walinizoea. Nikasema, "Bwana Dresa, na yule chura je? Kichwa si kimeliwa na kuku?"

Alinielewa. Wengine wote pale walidhani nimepagawa kwa uchungu, yeye peke yake alinielewa. Nililiona jambo lile likipita usoni mwake, ule utulivu wa zamani wa uani, wa mwalimu. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote wa kambi ile kwamba njia imekatika mgongoni, na kwamba yeye amembeba tarishi mgeni akamweka chini ya pale ilipokatika. Alijua! Kisha akalifuta bati kwenye koti, akasema, "Chura hana mdomo wa kudanganya." Meneja akauliza kwa lugha yake mwanamke anasema nini. Bwana Dresa akamjibu neno moja, wakacheka wote wawili. Kicheko kile hunirudia hata leo nikichinja kuku, na kisu hukiweka chini kwanza.

Walimnyanyua kwa makwapa. Miguu ikajikunja chini yake kama nguo iliyofuliwa. "Anajilegeza," nyapara akasema. Blanketi la hospitali lilichukuliwa, sufuria yake ikawekwa nje juu ya mkeka. Mume wangu alimwomba dereva wa lori la pamba, tukamlaza Hamisi kati ya magunia, tukarudi naye Shinyanga.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Mama alimgeuza, mimi nilimgeuza, lakini ngozi ya kiunoni ilifunguka hata hivyo, kisha ya visigino, na kidonda kikala mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Harufu yake ubani haukuiweza. Majirani walikuja kumjulia hali wameziba pua na midomo kwa shuka. Yeye mwenyewe hakusikia maumivu, na hilo lilimtia hofu kuliko maumivu. Mpaka karibu na mwisho alikuwa akiitazama miguu na kuiamrisha, kwa sauti, kwa jina: "Wewe wa kulia, nyanyuka." Akiamini kwamba ikiwa uliruka siku ile, utaruka tena, na kwamba pengine kweli ni yeye hajitahidi.

Wakati huo lori lile lile la pamba lilituletea kifurushi. Ndani yake mlikuwa bendeji zilizokunjwa vizuri mno, sawasawa, na chupa ya dawa ya vidonda. Hapakuwa na salamu, lakini nilijua mkunjo wa nani. Nilitaka nizitupe chooni. Mama alininyang'anya akamfunga mwanawe, na akasema Mungu amlipe aliyezileta. Hamisi alizikwa, na zilizobaki Mama akazitunza. Hata hapo sikuweza kujua kama zile bendeji zilitoka kwa mtu yule aliyelia kwa jipu la Mama au kwa yule aliyecheka na meneja. Nilitaka wawe wawili, ingenirahisishia.

Miaka michache ilipita. Nilijifungua mwana wa kiume nikampa jina la mjomba wake, nikarudi Shinyanga kwa Mama. Bwana Dresa naye alirudi, lakini amebebwa. Kiharusi kilimkuta akinawa kwa ajili ya swala. Upande wa kulia wote ulikufa. Mgodi ulimtaka mtu wa miguu miwili, basi akaletwa nyumbani kwake, nyuma ya ukuta wetu ule ule.

Sikwenda. Mama ndiye aliyenituma. "Mgonjwa anajuliwa hali," alisema, akanipa kibakuli cha uji. "Jirani ni jirani." Nikakipokea, nikaenda.

Mkewe alinikaribisha, akashukuru kupata mtu wa kukaa naye, akachukua ndoo kwenda kisimani. Chumba kilinuka mkojo na dawa. Alikuwa ameegemezwa ukutani, mdomo umevutwa upande mmoja, udenda unamchirizika kwenye ndevu hadi kifuani, na pale kifuani pamefanya doa. Ule ukucha ulikuwa bado upo, mrefu kuliko zamani, kwenye mkono uliolala mapajani kama si wake.

"Shikamoo," nilisema, na ilinitoka kwa shida.

"Marahaba, Mama Hamisi," akajibu, maneno yamelowa. Jina lile kinywani mwake lilinichefua kuliko harufu. Kisha akaonyesha kwa jicho chini ya kitanda. "Kisanduku. Zungusha. Mke wangu anaogopa."

Nilikivuta. Vumbi lilikuwa limefutwa, mabati yanang'aa. Nilielewa anachotaka, na bado nilikitoa. Aliniongoza: moja juu ya kiwiko, jingine hapa chini, karibu na kiganja. "Yalowe kwanza," akasema. Alijaribu kutoa ulimi, ukatoka kombo, ukarudi. Akanitazama mimi, mdomoni.

Kulamba sikulamba. Niliyashika mabati nikayapitisha kifuani pake, kwenye udenda wake mwenyewe, nikayabandika. Nikazungusha.

Vidole vilifumba. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umeshikilia bati pale chini, na vidole vile vilinikamata kifundo cha mkono, baridi, kwa nguvu, ukucha ukanichoma ngozi. Bwana Dresa aliutazama mkono wake na macho yakamjaa furaha. Niliitambua furaha ile. Nilikwisha kuiona barazani, kwa mtu mwingine, akiwa chali mkekani.

Niliacha kuzungusha. Vidole vikafunguka, mkono ukaanguka mapajani.

"Umeona?" alisema, anahema. "Umefumba. Umeona mwenyewe. Mama Hamisi, niambie. Upo? Ni mzima?"

Alijua jibu. Yeye ndiye aliyetufundisha, kila mvua, ukutani hapo hapo nyuma ya mgongo wake, pale msumari ulipobaki. Lakini alikuwa akiniomba kama mtoto, na machozi yalimtoka jicho moja tu.

Nilizikunja nyaya taratibu nikazirudisha kwenye kisanduku. Nikajifuta kifundo kwa kanga. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya barazani, ile yake mwenyewe:

"Mzima. Amka."

Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake, nikamngoja aamke.